Majivu Kwenye Mbegu

Maganzo
20 Oktoba 1975

Kwa fundi wangu Clemens,

Salamu. Huku mimi ni mzima isipokuwa miguu, inavimba kila jioni. Ulisema utakaa nyumbani wiki mbili, na sasa tuko katika ya nne. Sikuulizi habari ya kazi. Cherehani nimeifunika shuka, na wachimbaji wanaoleta suruali zilizopasuka magoti nawaambia wangoje.

Nakuuliza habari ya lile kopo. Umeshampeleka Mzee mtoni? Mifupa yake Harishi aliichukua, akaenda nayo India. Lakini majivu, Mzee mwenyewe aliagiza yatiwe katika mto Nikonga, kwa sababu duka lake la kwanza lilikuwa hapo kwenu Runzewe, na maji yale ndiyo aliyokunywa alipokuwa hana kitu. Unajua kwetu mtu aliyechomwa hatulii mpaka majivu yake yaingie kwenye maji yanayokwenda. Yuko njiani tu, hajaondoka na hajafika. Nimemwota mara tatu. Anasimama mlangoni pa duka, anauliza viatu vyake.

Harishi ameandika kwamba mwezi wa tatu lazima nimfuate huko. Siwezi kupanda meli na kumwacha mume wangu mlangoni. Niandikie neno moja tu, kwamba imekwisha.

Mimi,
Mama Harishi

Clemens, hapa ni Mwasiti jirani. Mkono ni wangu kama kawaida, maneno yalikuwa yake. Jibu upesi wewe! Kila gari likisimama ananituma kuuliza barua, na mimi nina maandazi motoni. Mkeo amekunogea kiasi hicho?


Runzewe
9 Novemba 1975

Kwa Mama Harishi,

Shikamoo. Mimi ni Theopista, mke wa Clemens. Barua yako nimeifungua mimi kwa sababu mwenyewe hayupo. Clemens alifariki tarehe 4 Oktoba. Alishuka garini na homa, akalala siku tatu. Tulimpa dereva mmoja habari azilete Maganzo, akasema alizifikisha. Naona hakuzifikisha. Nisamehe kwa kukuambia hivi, kwenye karatasi.

Alikuja na mkanda wa kupimia shingoni. Safari yote hakuuvua. Nilipomwuliza akasema, "Nimezoea, nikiuvua shingo inapata baridi." Bado umetundikwa kwenye msumari alipouweka.

Kuhusu kopo, usiwe na wasiwasi. Mzee alifika mtoni. Ilikwisha salama.

Clemens alinisimulia kwamba nyinyi mnaamini mtu akifa huzaliwa tena. Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa napepeta. Ni kweli mnaamini hivyo? Hurudi wapi?

Mwambie dada Mwasiti asijilaumu kwa utani wake. Clemens angecheka.

Mimi mtoto wako,
Theopista


Runzewe
10 Novemba 1975

Kaka Gregory,

Tumsifu Yesu Kristo. Jana nimeandika uongo, nikaufunga kwa gundi na kuupeleka misheni Ushirombo uende Maganzo. Nakuandikia wewe kwa sababu ni ndugu yangu na ni katekista, na huko Geita uko mbali, hutaniona uso.

Unajua mbegu zangu za maharage hushikwa na wadudu kila mwaka. Baada ya mazishi nilizitazama, zimeanza kutobolewa. Nilitaka jivu la kuzichanganya. Jiko la ndani lilikuwa halijawashwa siku nyingi, tulipikia nje kwenye moto wa matanga, na mama mkwe Paskazia akakataa kabisa: jivu la matanga haligusi mbegu, hutupwa njia panda. Basi nikafungua mfuko wa Clemens nikaona kopo la samli, limezibwa kwa nta na kushonewa kitambaa cheupe, mshono wake mwenyewe. Ndani jivu laini, limechekechwa vizuri kuliko unga. Kaka, nilifurahi mpaka nikalia. Nilidhani alinikumbuka mimi na wadudu wangu.

Nilichanganya kwa mikono yangu, debe mbili. Tarehe 28 mvua ikanyesha, tukapanda. Juzi ndipo ilipokuja barua ya mke wa marehemu tajiri yake, yule Mzee Manilal. Lilikuwa jivu lake. Mwili wake.

Sasa nakumbuka katika homa Clemens aliniambia mara mbili, "Lile kopo lisikae chini." Nilidhani anaogopa unyevu.

Na jambo jingine. Nina mimba tangu Sabasaba, alipokuja likizo. Nilimwambia siku ile aliposhuka garini, akanishika kiwiko tu. Mama mkwe tayari anamwita mtoto Clemens. Nifanye nini?

Dada yako,
Theopista


Geita
29 Novemba 1975

Dada Theopista,

Milele amina. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili ilibidi nikae.

Jivu ni jivu. Jumatano ya Majivu padri anapokupaka usoni huulizi lilikuwa mti gani. Mzee Manilal alikuwa mtu mwema; kofia ninayovaa alinipa yeye, akisema kichwa changu kimezishinda nyingine zote za duka. Mungu amrehemu popote alipo. Lakini katika maharage hayumo.

Umesema uongo, ungama kwa padri. Mjane wa watu mwache, ameshatulia. Na maharage yakiiva uyale. Mjamzito hachagui.

Kaka yako,
Gregory


Maganzo
5 Desemba 1975

Mwanangu Theopista,

Barua yako ilisomwa hapa dukani. Nilimwambia Mwasiti aache, kisha nikamwambia aendelee. Miaka kumi na moja Clemens alikaa kwenye baraza yangu. Alikuwa na wimbo mmoja tu, na wenyewe hakuujua mpaka mwisho. Akifika katikati anarudi mwanzo. Nilikuwa nikimgombeza. Sasa baraza iko kimya na wachimbaji wanapita wakitazama shuka.

Umeuliza mtu hurudi wapi. Mimi si msomi, nakuambia alivyonifundisha babu yangu. Mwili ni nguo, ikichakaa unaiacha. Aliyetimiza yote na kuachiliwa vizuri huenda asikojulikana. Aliyebaki na jambo lake hupanda na moshi, akawa wingu, akashuka na mvua, akaingia kwenye mimea: mpunga, ufuta, maharage. Huko hungoja. Anayemla ndiye atakayemzaa. Kutoka kwenye mmea, babu alisema, ni kugumu kuliko safari yote.

Ndiyo maana nilihangaika. Lakini tangu uliponiandikia kwamba Mzee amefika mtoni, simwoti tena.

Sasa niambie yote. Ilikuwa saa ngapi? Nani alisimama pale? Mlitia maua? Maji yalimchukua mara moja au alizunguka kwanza? Harishi ataniuliza, na mimi mwenyewe nataka kuona kwa macho yako.

Mama Harishi

Theopista, ni Mwasiti. Pole sana dada. Nimeikumbuka ile sentensi yangu nikataka kujipiga kofi. Mama huyu sasa analala mpaka jua linatoka, ametunenepea kidogo. Umemfanyia wema mkubwa. Mjibu.


Runzewe
6 Januari 1976

Kaka Gregory,

Yule mama ameandika maharage. Angeweza kutaja mtama au mahindi, ametaja mpunga, ufuta na maharage. Anasema aliyebaki njiani huingia katika mmea, na anayeula ndiye atakayemzaa.

Barua imefika Krismasi. Majani ya maharage tulianza kuyachuma mwisho wa Novemba. Nimeyala mara nne. Mara ya nne niliomba niongezwe.

Tangu hapo siyagusi. Mama mkwe anasema, "Mayu, mama, unamnyima chakula mwanangu humo tumboni." Namwambia yananichafua moyo. Majirani wakichemsha maharage mtoto anacheza tumboni. Labda angecheza hata hivyo. Sijui tena lipi ni la kawaida.

Unajua kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, hutajiwa majina ya waliokufa, moja baada ya moja, na lile linalomnyamazisha ndilo lake: ni mwenyewe amerudi. Mama mkwe anaingojea siku hiyo. Amenionyesha kibuyu cha maji alichokiweka. Kaka, je, akitaja Clemens na mtoto akaendelea kulia? Na mimi nikilisema lile jingine moyoni, mtoto akanyamaza?

Mzee Manilal hakunikosea lolote. Nilipokwenda Maganzo mara ile moja alinitolea kiti chake mwenyewe, yeye akakalia gunia la chumvi. Simchukii. Lakini ni mume wangu ninayemtaka.

Na karatasi ya kumjibu mjane wake iko mezani. Nimeandika "asubuhi", nikafuta. Sijui hata maji ya Nikonga yana rangi gani mwezi wa kumi.

Theopista


Geita
21 Januari 1976

Dada,

Kwanza kula. Pili, usiniletee mambo ya Wahindi kabla sijanywa chai.

Tatu, tupige hesabu, kwa kuwa mahubiri huyataki. Mzee Manilal alifariki Agosti, mwenyewe nilisikia habari hapa kwa wafanyabiashara. Mimba yako ni ya Sabasaba, mwezi wa saba. Mtoto alikuwa ameshakaa mahali pake mwezi mzima na zaidi. Gari limejaa, dada. Hakuna Mzee wa kupanda hapo, hata angekuja na majani ya maharage mzigo mzima.

Umeridhika? Nitakuja Kwaresima nikuone.

Gregory


Runzewe
15 Februari 1976

Kwa Mama Harishi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu sina la kujibu. Mzee hakufika mtoni.

Clemens alikufa kabla hajaenda. Mimi sikujua kilichomo ndani ya kopo. Nilidhani ni jivu la mbegu, nikachanganya na maharage, nikayapanda. Barua yako ilipokuja alikuwa ameshachipua. Niliona aibu, nikakuandikia kwamba imekwisha salama. Hukuniuliza ili unishitaki, uliuliza ili upate usingizi, nami nikakupa usingizi wa uongo.

Juma lililopita tumevuna. Debe sita. Nimeyaweka kwenye pembe ya nyumba, juu ya jiwe, yasikae chini. Mama mkwe anauliza kwa nini hatuli. Sijui kama ni chakula au ni kaburi. Nilikula majani yake kabla sijajua, na nina mimba.

Kaka yangu amenipigia hesabu kunituliza. Amesema mtoto aliingia Julai, Mzee alifariki Agosti, kwa hiyo si yeye. Nilifurahi mpaka jioni. Kisha nikaona hesabu ile ile inamtoa na Clemens. Clemens alikufa Oktoba. Kama mlango ulifungwa Julai, naye yuko nje.

Sisi tunafundishwa kwamba wafu wanangoja ufufuko. Ninaamini. Lakini ufufuko uko mbali na mkanda wake uko hapa kwenye msumari. Nieleze wewe unayejua: mtu aliyekufa ghafla, mke wake ana mimba yake, je, hapati njia ya karibu? Clemens hakuwa mtu wa kupotea. Alikuwa akitoka Maganzo gizani na kufika kwangu bila kuuliza mtu.

Nifanye nini na maharage ya Mzee? Utakalosema nitalifanya.

Theopista


Maganzo
3 Machi 1976

Dada Theopista,

Hapa ni Mwasiti peke yangu. Mama Harishi hajui kwamba nakuandikia.

Barua yako ilinifikia mimi, kama zote. Huwa napitia kwanza ili nisikwame nikisoma kwa sauti. Nimeipitia nikakaa juu ya gunia. Akauliza, "Anasemaje?" Nikasema, "Salamu tu, anaumwa mgongo." Basi na mimi ni mwongo sasa. Tumekuwa wawili, bado kuchagua mwenyekiti.

Ni siku ya nne naiweka ndani ya khanga. Treni yake ya Dar es Salaam ni tarehe 18. Masanduku yamefungwa, jana alicheka kwa mara ya kwanza tangu Agosti, eti nimefunga fundo kama mtu anayemteka mbuzi. Nikimsomea atagoma kusafiri. Mwanawe yuko huko, hapa hana mtu, duka limeshachukuliwa. Nisipomsomea ataondoka na raha ambayo si yake.

Miaka yote hii mimi ni mkono tu wa kuandika. Mkono haujawahi kuulizwa uamue. Sema wewe. Nimsomee, au niitie motoni chini ya maandazi?

Mwasiti


SIMU YA MAANDISHI
Kahama, 11 Machi 1976

MWASITI MAGANZO
MSOMEE YOTE USIRUKE
THEOPISTA


Dar es Salaam
22 Machi 1976

Mwanangu Theopista,

Mwandiko huu ni wangu, wa darasa la nne, kwa hiyo soma polepole.

Mwasiti alinisomea mlango wa duka ukiwa umefungwa. Nilimwambia akuandikie maneno mabaya. Akaweka kalamu chini akasema, "Hayo andika mwenyewe, Mama. Mimi mkono wangu unauma." Basi nikasema nitayaandika kwenye treni. Yalinitosha mpaka karibu na Dodoma, kisha yakaniishia.

Kilichoniuma si maharage. Kilichoniuma ni kwamba nililala vizuri miezi mitatu kwa neno lako, na muda huo wote Mzee alikuwa shambani. Sasa sijui usingizi ule ulitoka wapi. Nimefikiri labda aliyekuwa mlangoni ni mimi.

Chukua konzi moja ya maharage yale, itie kwenye maji yanayokwenda, taja jina lake. Yaliyobaki mle. Mzee alipofika Runzewe alilishwa na watu wa hapo mwaka mzima. Si vibaya nao wakila kwake. Yeye mwenyewe maharage hakuyapenda hata kidogo, na hilo ndilo lililonichekesha nikiwa peke yangu dirishani, watu wakanitazama.

Umeuliza Clemens atapataje njia. Hapa sitakudanganya, maana tumeshadanganyana vya kutosha. Hesabu za kaka yako sizijui; wengine kwetu husema roho huingia siku ya kwanza, wengine mwezi wa nne, hakuna aliyeona. Lakini hili najua. Anayerudi harudi kwetu. Haji na jina, hamkumbuki mke wala baraza. Kama mume wangu amezaliwa mahali leo, kuna mama mwingine anamwogesha, na nikipita hapo atanitazama kama bibi yeyote. Hilo ni gumu, na watu wetu hawapendi kulisema kwenye msiba.

Mtoto wako akizaliwa usimchungulie usoni kumtafuta mtu. Yeyote aliyekuja amekuja kuanza.

Meli inaondoka keshokutwa. Anwani ya Harishi iko nyuma.

Mama Harishi


Runzewe
9 Mei 1976

Kwa Mama Harishi, kwa anwani ya Harishi, Jamnagar, India

Shikamoo. Sijui barua hii itachukua muda gani, lakini uliniuliza mambo mwezi wa kumi na mbili na sasa naweza kuyajibu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 3 Aprili, saa tatu asubuhi. Kaka yangu Gregory alinipeleka kwa baiskeli, sehemu kubwa tukitembea kwa sababu ya hali yangu. Alisema haji kwa ajili ya mambo yenu, anakuja kutazama kama mtoni kuna kambare. Maji yalikuwa mengi, rangi ya udongo. Maua tuliyopata ni ya njano, ya kando ya njia, jina lake silijui. Nilitaja jina la Mzee. Maharage yalizunguka mara moja karibu na ukingo, kisha yakaenda yote pamoja. Gregory alikuwa amevua kofia. Nilipomtazama akasema jasho.

Yaliyobaki tumekula, na majirani wamekula. Nilianza mimi, mama mkwe akinitazama. Yalikuwa maharage.

Mtoto alizaliwa tarehe 13 Aprili. Ni msichana. Mama mkwe aliposikia akasema hata msichana huweza kubeba jina la baba, yamewahi kutokea.

Siku ya nne akaanza kulia. Alilia tangu chai ya asubuhi, hataki ziwa, hataki kubebwa. Mama mkwe akaja na kibuyu chake cha maji, akapiga magoti kando ya kitanda, akavuta pumzi. Nililijua jina atakaloanza nalo. Mama Harishi, nilitamani alitaje. Sijapata kutamani kitu kama vile. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka.

Nikasema, "Mama, nakuomba usimwite mtu."

Akanitazama. Ni mama yake Clemens, alimzaa katika nyumba hiyo hiyo. Akasema, "Sasa atanyamaza kwa jina gani?"

Nikasema, "Asinyamaze. Alie tu."

Nilidhani atatoka. Aliweka kibuyu chini, akapanda upande wa pili wa kitanda na miguu yake ya vumbi. Jumapili iliyofuata tulimbatiza Anisia. Hakuna marehemu wa jina hilo kwetu, wala nadhani kwenu. Lakini siku ile alikuwa bado hana jina. Tulikaa naye katikati yetu, wajane wawili, tukamsikiliza akilia mpaka akachoka mwenyewe.

Mimi mtoto wako,
Theopista, Mama Anisia